Waridi Lisilonukia

Mtu akipewa waridi, jambo la kwanza alifanyalo ni kuliinamia na kulinusa. Hakuna aliyemfundisha. Lakini siku hizi mara nyingi huinua uso wake bila ya kuambulia kitu. Ua ni jekundu, limesimama wima juu ya kikonyo kirefu, wala halinukii. Wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hatusemi haya kwa kuwabeza wakulima wa maua. Mashamba ya kandokando ya Ziwa Naivasha, nchini Kenya, yamewapa maelfu ya watu kazi, na mawaridi yake huuzwa hadi Ulaya. Ua la safari ndefu halina budi kustahimili kukatwa, kupoozwa, kufungashwa, kisha kukaa siku kadhaa katika chombo cha maji. Kwa hiyo waliozalisha aina hizo walitanguliza uvumilivu, urefu wa kikonyo na wingi wa mavuno; harufu ikaachwa nyuma. Soko lina haki yake. Bali bustani ya nyumbani si soko, wala hatuoni sababu ya kuipima kwa mizani ile ile.

Waridi tunalolitetea ni lile wataalamu waliitalo chotara la chai, kwa kuwa mmoja wa wazazi wake ni waridi la chai lenye asili ya China. La kwanza katika ukoo huo huhesabiwa kuwa La France, lililotolewa na Guillot, mkulima wa Ufaransa, mwaka 1867. Hilo lilikuwa na rangi ya waridi hasa. Baadaye yalifuata mekundu yenye rangi ya damu ya mzee: Crimson Glory la Kordes wa Ujerumani, mwaka 1935, na Papa Meilland, mwaka 1963, ambalo Alain Meilland wa Ufaransa aliliita hivyo kwa heshima ya babu yake. Mwaka uliofuata Marekani ilitoa Mister Lincoln, lenye wazazi wale wale wa Papa Meilland. Yote matatu yamesifika kwa harufu nzito na tamu.

Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walitangaza matokeo ya kulinganisha Papa Meilland na waridi jingine jekundu lisilonukia, Rouge Meilland. Waliona kwamba petali za lile linukialo zina kimeng'enya kinachosaidia kuunda harufu, na kwamba katika lile jingine jeni ya kimeng'enya hicho ilikuwa kama imelala. Harufu, basi, si bahati wala si uganga. Ni urithi, na urithi usiotunzwa hupotea.

Hapa ndipo penye hatari. Mbegu ya chotara haizai mfano wa mama yake. Mwenye kutaka Papa Meilland hana budi kuchukua jicho la mti wenyewe na kulibebesha juu ya shina la waridi lenye mizizi imara, au kuotesha kipande cha tawi lake. Ikiwa hakuna mnunuzi aulizaye, mwenye kitalu ataacha kubebesha. Na miti ya mwisho ikifa, hakuna ghala la mbegu litakaloirejesha.

Kuutunza mti huu si kazi ya matajiri. Wakaao penye baridi ya wastani, kama vile Limuru, Lushoto au Arusha, wamekwisha kusaidiwa na hali ya hewa. Mti upandwe mahali penye jua la saa sita au zaidi, katika shimo lililochanganywa samadi iliyooza vizuri. Maji yamwagwe shinani asubuhi, si juu ya majani. Matawi yapogolewe juu kidogo ya jicho linaloelekea nje, ili hewa ipite katikati. Twakiri kwamba Papa Meilland hushikwa upesi na ubwiri unga na madoa meusi. Anayeanza na ajaribu Mister Lincoln, ambalo lina nguvu zaidi na hurefuka.

Tunawaomba wasomaji wetu, waendapo kitaluni, wasiridhike na jibu la "waridi jekundu". Waulize jina lake, na ikiwa limechanua, walinuse kabla ya kulipa. Aliye na mti unukiao amgawie jirani tawi wakati wa kupogoa. Nazo halmashauri za miji, zinapopanda maua katika bustani za watu wote, zitenge japo tuta moja kwa ajili ya mawaridi haya, ili watoto wetu wajue kwa nini wazee wao huliinamia ua hili.