Wimbo wa Taifa ni Dua: Tuwafundishe Watoto Maana Yake

Watoto wetu huuimba wimbo wa taifa la Kenya bendera inapopandishwa shuleni. Wengi wameuhifadhi; wachache wameelezwa maana yake. Kazi hiyo ni yetu wazazi.

Mwaka 1963, kamati ya wanamuziki watano iliyopewa jukumu la kuutayarisha haikuazima lahani ya kigeni. Ilichukua wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, ambao mama huwabembelezea watoto. Maneno ya ubeti wa kwanza ni dua: Mwenyezi Mungu huitwa mwanzo, na haki huombwa kabla ya amani na ustawi. Tena bendera ina ngao na mikuki miwili, alama ya kuulinda uhuru. Lakini katika wimbo ngao yenyewe ni haki. Taifa lisilo na uadilifu, basi, limeiangusha ngao yake.

Kuiombea nchi si jambo geni kwetu. Qur'ani Tukufu yatusimulia Nabii Ibrahim (A.S.) akiuombea mji wa Makka amani, na watu wake riziki ya matunda. Mtume wetu (S.A.W.) naye, alipotolewa Makka, alidhihirisha mapenzi yake kwa mji huo. Maneno mashuhuri kwamba kupenda nchi ni sehemu ya imani, wanazuoni wa Hadithi wametanabahisha kuwa hayakuthibiti kwa Mtume. Lakini mifano hii miwili yatutosha.

Mapenzi hayo si sifa tupu. Mwaka 1968, kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa *Kenya: Twendapi?* Kwa swali hilo alifungwa miaka mitatu, hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Aliyeinasihi nchi aliipenda kama anayeisifu, na pengine zaidi.

Basi mwana akirejea nyumbani, tumwulize: leo mmeomba nini? Tumweleze kwamba aombaye haki hapokei rushwa, na aombaye udugu hamdharau jirani kwa kabila lake wala dini yake. Dua ya ulimi isiyofuatwa na vitendo ni hoja juu ya mwenye kuomba.

Mwenyezi Mungu aijaalie nchi yetu amani na uadilifu. Amin.