Siku Mickey Mouse Alipokamatwa Pretoria

Mwaka 2004, Mahakama Kuu ya Pretoria iliamuru zikamatwe alama za biashara za Walt Disney zilizosajiliwa Afrika Kusini, zaidi ya 200, Mickey Mouse na Donald Duck wakiwemo. Alama ya biashara haipakiwi kwenye gari la dalali wa mahakama. Ila ni mali, na kwa mali hiyo kampuni ya California ikawa mdaiwa halali mbele ya jaji wa Pretoria.

Mdai alikuwa msimamizi wa mirathi ya Solomon Linda, aliyerekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi 10 mwaka 1952, akafa fukara 1962. Mwishoni mwa 1961 wimbo huo ulishika namba moja Marekani kwa jina "The Lion Sleeps Tonight", na 1994 ukaingia kwenye filamu ya The Lion King. Wakili Owen Dean hakutegemea kuuvunja mkataba wa shilingi 10. Alifukua sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyotumika hata kwenye makoloni: miaka 25 baada ya mtunzi kufariki, haki hurudi kwa warithi wake hata kama aliziuza. Hesabu ikaangukia 1987. Februari 2006, kesi ikikaribia kusikilizwa, warithi walipatana na Abilene Music, kampuni iliyoipa Disney ruhusa ya kuutumia, na mirabaha ikahesabiwa tangu 1987.

Wanamuziki wetu wakisikia kisa hiki hutamani kukiiga kilivyo. Hakiigiki kirahisi. Sheria ya Afrika Kusini ina mizizi ya Kiholanzi. Huko kukamata mali ya mgeni ndiko humpa jaji mamlaka. Tanzania na Kenya zilirithi ya Kiingereza: mdai huomba kwanza ruhusa ya kupeleka wito nje ya nchi. Na akishinda, ndipo shida inapoanza. Mkataba wa Berne, ambao nchi zote mbili ni wanachama, unalinda wimbo wa Dar es Salaam mpaka Los Angeles, lakini haukazii hukumu ya mtu yeyote. Bila mali ya mdaiwa hapa nchini, au fedha anazodai kwa mawakala wake, hukumu hubaki karatasi.

Kwa hiyo wengine huenda kumshtaki mdaiwa nchini kwake. Marekani haimlazimishi mgeni kusajili kazi yake kabla ya kushtaki, na wengi huishia kusoma hapo. Lakini aliyesajili kabla ya kuibiwa anaweza kudai fidia iliyopangwa na sheria, dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 wizi ukiwa wa makusudi, pamoja na gharama za wakili. Asiyesajili hana budi kuthibitisha hasara yake, au faida aliyopata mwizi, senti kwa senti, na wakili wa kule anayesubiri kulipwa kesi ikishinda hatamgusa.

Njia ya bei rahisi ni kuutaka mtandao uiondoe kazi iliyoibwa, kwa sheria ya Marekani ya 1998. Huondolewa upesi. Aliyeipakia akipinga, mlalamikaji asipofungua kesi, hurudishwa ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi, muda ambao hautoshi hata kupata miadi na wakili.