Amana Imelipwa, Ujumbe Haujafika: Jinsi ya Kukagua Msimbo wa Tovuti ya Kikundi

Kikundi chochote cha wafugaji, wakulima au wavuvi kinaweza leo kufungua duka la mtandaoni kwa kutumia WordPress, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2003. Ukiongeza plagini ya WooCommerce na nyingine ya kupokea M-Pesa, duka liko tayari. Shida huanza pale mtu anapoongeza msimbo wake mwenyewe.

Chukua mfano wa kikundi kinachofuga mbuzi wa Galla karibu na Pap Onditi. Mteja aliye Kisumu mjini analipa amana kwenye tovuti. Kijana wa kikundi ameweka msimbo mfupi wa kumtumia mfugaji SMS ili mbuzi huyo atengwe. Siku nyingine ujumbe unafika, siku nyingine haufiki. Mfugaji asiyejua kwamba amana imelipwa anampeleka mbuzi sokoni Katito na kumuuza. Mteja akija, pesa ilishaingia lakini mbuzi hayupo. Msimbo wenyewe huenda hauna kosa la maandishi. Kasoro ni kwamba unaitwa wakati usiofaa.

Kulabu ni nini?

Kila ukurasa unapofunguliwa, WordPress hufanya kazi zake kwa mpangilio. Katika hatua fulani hutangaza kwamba imefika mahali fulani, na msimbo wowote ulioangikwa hapo hutekelezwa. Mahali hapo ndipo tunapoita kulabu. Baadhi ya kulabu, kwa mfuatano wake, ni plugins_loaded, init, wp_loaded, wp, template_redirect, wp_head na wp_footer.

Makosa matatu ya kawaida

*Kuita mapema mno.* Ukiuliza kama mgeni ameingia kwa akaunti yake wakati plagini bado zinapakiwa, tovuti inaweza kuanguka, kwa sababu agizo la kujibu swali hilo halijapakiwa. Subiri init. Ukiuliza mgeni yuko ukurasa gani, hata init ni mapema, subiri wp. Tangu toleo la 6.7 la mwaka wa 2024, WordPress pia hutoa onyo plagini inapopakia tafsiri kabla ya wakati wake.

*Kuangika mahali pasipofaa.* Hili ndilo kosa la mfano wetu. Msimbo uliangikwa kwenye woocommerce_thankyou, yaani ukurasa wa shukrani. Ukurasa huo huonekana tu ikiwa mteja atarudi kwenye tovuti baada ya kuweka PIN. Akifunga simu, au chaji ikiisha, msimbo hauitwi. Akiufungua ukurasa huo mara mbili, SMS hutumwa mara mbili. Matokeo ya malipo ya M-Pesa hutumwa moja kwa moja kwenye seva ya tovuti, bila kumtegemea mteja. Kwa hiyo msimbo uangikwe kwenye woocommerce_payment_complete. Ikiwa plagini yako ya malipo haiiti kulabu hiyo, tumia woocommerce_order_status_processing.

*Kusahau nambari ya zamu.* Misimbo iliyo kwenye kulabu moja hupangwa kwa nambari. Usipotaja nambari, hupewa 10. Nambari ndogo hutangulia. Zikilingana, aliyejiandikisha kwanza hutangulia. Ikiwa msimbo wako unategemea kazi ya plagini nyingine iliyo kwenye 10, upe 20.

Hatua za kutafuta tatizo

1. Chukua nakala ya akiba ya tovuti nzima, kisha fanyia majaribio kwenye nakala, si kwenye duka ambalo wateja wanatumia.

2. Kwenye faili la wp-config.php, washa WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG, na uzime WP_DEBUG_DISPLAY ili makosa yaandikwe kwenye faili badala ya kuonyeshwa wageni.

3. Weka mstari wa error_log mwanzoni mwa msimbo wako. Maneno yake yakionekana kwenye faili la debug.log, kulabu imeita na tatizo liko ndani ya msimbo. Yasipoonekana, kagua kama jina la kulabu limeandikwa sawasawa, au kama msimbo ulijiandikisha baada ya kulabu kupita.

4. Zima plagini nyingine moja baada ya nyingine, ukijaribu kila mara, hadi umpate mhusika.

5. Lipa kiasi kidogo, weka PIN, kisha funga ukurasa papo hapo. SMS ikifika hata hivyo, umepona.

Linda taarifa za wateja

Faili la debug.log linaweza kubeba majina na nambari za simu, na kwa kawaida huwekwa mahali ambapo mtu wa nje anaweza kulisoma. Ukimaliza ukaguzi, zima WP_DEBUG na ufute faili hilo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka kila anayeshika taarifa za watu azilinde, na kikundi kidogo hakijasazwa.

Viongozi wa vikundi wasiojua msimbo wana swali moja la kumuuliza fundi kabla ya kumlipa: mteja akilipa na kufunga simu, je, sisi tutapata habari? Aonyeshe kwa malipo halisi, mbele yenu.