ZIMA INJINI KABLA YA KUGUSA EKZOSI

Mashua na majahazi mengi ya pwani yetu siku hizi yana injini ya dizeli. Injini hukaa chini, upande wa tezi, ndani ya kijumba chenye mfuniko. Moshi wake hutoka nje kwa bomba ambalo mafundi huliita ekzosi. Chumvi na joto hulila bomba hilo. Likitoboka, moshi hauendi nje tena. Hubaki mle mle chini, mahali fundi anapoingiza kichwa.

Moshi mweusi tunauona na kuukimbia. Lakini ndani yake imo sumu isiyoonekana. Ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Damu yetu hubeba oksijeni, yaani hewa inayotuweka hai, kama mashua ibebavyo abiria. Hewa hii ya sumu hukaa katika nafasi ya abiria huyo, na hukubali kushuka kwa shida sana. Huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huvuta pumzi kama kawaida, kumbe mwili wake unakosa hewa. Injini ya petroli hutoa sumu hii kwa wingi kuliko ya dizeli, lakini ya dizeli nayo hutoa. Jiko la mkaa pia hutoa, kwa hiyo msipike chini ya mfuniko.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na akili kuchanganyikiwa. Wengi husema ni malaria, au ni bahari imechafuka. Lakini malaria haiwashiki mabaharia wote kwa saa moja. Mkiumwa kichwa watu wawili watatu pamoja, na mkipanda juu kwenye upepo mkapata nafuu, ikagueni ekzosi. Tafuteni masizi kwenye maungio ya bomba. Palipo na masizi ndipo moshi unapovuja. Msipazibe kwa matambara, yatawaka moto. Na homa ikiwapo, kapimeni malaria vilevile.

Njia nzuri ya kutengeneza ekzosi ni kungoja bamvu. Chombo kikipwelewa mchangani, fundi hufanya kazi bila wasiwasi wa maji. Lakini bamvu haiji kila siku, na samaki hawangoji. Basi kazi ikibidi kufanywa chombo kikiwa majini, tieni nanga bandarini palipotulia. Zimeni injini na mfungue mfuniko. Asishuke mtu mpaka moshi umetoka na bomba limepoa. Bomba la chuma hukaa na joto muda mrefu. Nyunyiza matone ya maji juu yake. Yakichemka, ngoja. Hata yasipochemka, sogeza kwanza mgongo wa mkono karibu bila kugusa.

Kuna hatari nyingine ambayo mafundi vijana huisahau. Katika vyombo vingi tundu la ekzosi liko tezi, juu kidogo ya maji. Watu watatu wakienda tezi kutazama kazi, tezi huzama kidogo na tundu hufika majini. Kama bomba limefunguliwa, bahari huingia ndani moja kwa moja. Kwa hiyo zibeni tundu kwa nje kwanza, kwa kizibo cha mti kilichozungushiwa kitambaa. Sogezeni mizigo na watu omo. Fungeni pia koki inayoingiza maji ya kupozea injini. Mtu mmoja awe tayari na ndoo ya kufulia maji. Kabla ya kuwasha injini tena, toeni kizibo na mfungue koki. Wakati wa kujaribu injini, watu wote wakae juu.

Bomba la zamani likiwa limefungwa kwa kamba au kitambaa cha kijivu, msikikwangue kikiwa kikavu. Huenda ni asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu baada ya miaka mingi.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga. Malengelenge yasitumbuliwe. Akiungua usoni, mikononi, au mahali pakubwa kuliko kiganja chake, aende zahanati.

Mkimkuta mwenzenu amelala chini karibu na injini, msimrukie. Aliyemfuata bila kufikiri huanguka juu yake. Zimeni injini, fungueni kila mahali upepo uingie, na anayeshuka afungwe kamba kiunoni, iliyoshikwa na watu walio juu. Mtoeni mgonjwa kwenye upepo. Akiwa anapumua, mlazeni ubavu. Akiwa hapumui, mpulizieni pumzi kinywani na mmkandamize kifua. Maziwa hayasaidii. Maziwa huenda tumboni, na sumu hii imo katika damu. Tena ukimnywesha mtu aliyezimia, utampalia.

Mpelekeni hospitali yenye mtungi wa oksijeni, hata kama ameamka na anasema hajambo. Mwambieni mganga kwamba alikuwa karibu na injini inayowaka. Kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni huweza kuonyesha kuwa oksijeni inatosha, kumbe kinahesabu sumu.