Huduma Inayojitangaza Yenyewe

Msomaji mmoja wa Morogoro ametuandikia kuwa siku moja, akibonyezabonyeza menyu ya simu yake, alikuta huduma ya kuweka akiba ambayo ilikuwepo muda mrefu bila yeye wala majirani zake kuisikia. Anauliza: kama kampuni ina kitu kizuri namna hii, kwa nini hakitufikii sisi watu wa kawaida?

Habari za mabango, redio na zile jumbe tunazofuta kabla ya kusoma tunazijua, kwa hiyo naziruka. Swali hili lina hesabu ndani yake, tena ni hesabu ileile wanayotumia wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza kujua kama mlipuko utakua au utazimika.

Chukua huduma mpya yenye watumiaji 1,000. Tuseme kila mmoja wao anawafikishia habari zake watu 5, na katika kila 10 wanaofikiwa, 1 anajiunga. Kwa wastani, basi, kila mtumiaji analeta nusu ya mtu. Wale 1,000 wanaleta 500, hao 500 wanaleta 250, hao 250 wanaleta 125, mpaka mkondo unakauka. Jumlisha wote: 2,000.

Hiyo nusu inahitaji jina. Nilifikiria “namba ya uenezi”, lakini uenezi hausemi kama jambo linakua au linafifia. Naona “kizidishi” kinafaa zaidi, maana kazi yake ni kuzidisha, kama tulivyofundishwa shuleni. Kanuni ya kupata jumla ni fupi: gawanya watumiaji wa mwanzo kwa tofauti iliyopo kati ya 1 na kizidishi.

Sasa angalia uzuri wake. Kizidishi kikipanda kutoka 0.5 hadi 0.8, jumla inakuwa 5,000. Kikifika 0.9, ni 10,000. Kikifika 0.95, ni 20,000. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ndogo kuliko zote, nayo peke yake imeleta watu wengi sawa na wote waliotangulia. Kikigusa 1, hakuna tena jumla ya kukadiria: kila kundi linaleta kundi lingine kubwa kama lenyewe. Kikivuka 1, kila kundi linazaa kundi linalolizidi.

Tangazo la redio halikigusi kizidishi hata kidogo. Linaongeza tu wale 1,000 wa mwanzo. Ukitumia fedha mara mbili ukapata watu wa mwanzo 2,000, mwisho wa yote una watu 4,000. Lakini ukiirekebisha huduma yenyewe kizidishi kikapanda kutoka 0.5 hadi 0.9, wale 1,000 wa mwanzo wanakufikisha 10,000 bila bango hata moja.

Hotmail waliliona hilo mapema. Ilipofunguliwa Julai 4, 1996, barua pepe ya bure ilikuwa jambo geni kwa watu wengi. Chini ya kila barua iliyotumwa paliwekwa mstari mfupi uliomwalika mpokeaji ajifungulie anwani yake bila malipo. Kila aliyemwandikia ndugu au rafiki alikuwa akiitangaza huduma bila kuongeza neno, na mpokeaji alikuwa tayari ameshika mkononi ushahidi kwamba inafanya kazi. Microsoft ilipoinunua Desemba 1997, ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 8.

M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya Machi 2007, ilikwenda mbali zaidi. Aliyejisajili aliweza kumtumia pesa mtu ambaye hajajisajili. Mpokeaji alipata ujumbe wenye namba ya siri, akaenda kwa wakala, akachukua fedha taslimu. Mwaliko wake wa kwanza ulikuja pamoja na pesa. Lakini utamu uko kwenye bei. Kumtumia aliyejisajili kuligharimu shilingi 30 za Kenya. Kumtumia ambaye hajajisajili kulianzia shilingi 75 na kupanda kadiri kiasi kilivyopanda. Mtoto aliyeko Nairobi akawa na sababu yake mwenyewe ya kumpigia mama kijijini: mama, ukienda kwa wakala, jisajili palepale, ni bure. Kazi ya ushawishi ikafanywa na mtu ambaye mama anamwamini kuliko mtangazaji yeyote.

Linabaki swali la mahali pa kuanzia, na hapa anayewasha jiko la mkaa ana elimu kubwa. Akitawanya vipande na kuvimwagia mafuta ya taa, moto utapanda kwa kishindo, mafuta yataisha, na kila kipande kitabaki na doa jekundu upande mmoja kabla ya kuzimika peke yake. Akivirundika vikagusana, kilichokolea kinakipasha cha jirani, nacho kinarudisha joto, na cha tatu kinapata moto kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Mafuta ya taa ni tangazo. Vipande ni watu. Mkaa uliolowa ni mtu anayeogopa kutapeliwa: joto la jirani mmoja halimtoshi, lakini akizungukwa na wanne walioshika moto, unyevu unakauka naye anakolea. Na jiko likishakolea, mkaa mpya hauhitaji mafuta tena; unaongezwa juu tu.

Mtafiti Damon Centola alilipima jambo hili katika jaribio alilolichapisha mwaka 2010 katika jarida la Science. Watu 1,528 wasiojuana waliunganishwa mtandaoni kwa namna mbili: katika mitandao mingine wenzako walikuwa pia wenza wao kwa wao, katika mingine viungo vilirushwa ovyo. Kila mwenzako alipojisajili kwenye huduma ya afya iliyofunguliwa kwa ajili ya jaribio, ulipata barua pepe. Palipokuwa na vikundi vilivyoshikamana walijisajili asilimia 54. Palipotawanyika, asilimia 38, tena kwa mwendo wa polepole zaidi. Barua za ziada ziliongeza uwezekano wa mtu kujisajili. Facebook nayo ilianzia Harvard peke yake Februari 2004, ikafuata vyuo vichache, na haikufunguliwa kwa umma mpaka Septemba 2006.

Kizidishi hushuka kadiri wasiojiunga wanavyopungua, lakini huduma isiyojulikana iko mbali na tatizo hilo. Tatizo la ile ya akiba ni kwamba anayeitumia hamgusi mtu mwingine. Ungeiwezesha ipokee michango ya kikoba, kila mwanachama akaona mwenzake ameweka, kila anayeweka angekuwa tangazo kwa kundi zima.

Kwa hiyo kampuni itafute kwanza ni wakati gani mtumiaji anamgusa asiyetumia, na iwape wote wawili faida wakati huohuo. Kisha ichague soko moja, chuo kimoja au kata moja, ihesabu kizidishi chake na kuirekebisha huduma mpaka kiongezeke. Bango lisubiri mpaka hapo, maana ndipo kila shilingi yake itakapozaa.