Mafuta ya Nazi na Nywele za Mabinti Zetu

Wanawake wa Jego, na wa vijiji vya kuelekea Vanga, hawakuhitaji mwalimu wa kukamua mafuta. Nazi ilikunwa kwa mbuzi, tui la kwanza likachujwa kwa kifumbu na kuachwa lilale. Asubuhi yale mazito yaliyoelea yalienguliwa, yakachemshwa kwa moto wa taratibu hata maji yakakauka, mashapo yakageuka rangi ya hudhurungi, na mafuta yakabaki yenye kunukia. Sehemu ilikuwa ya chungu, na sehemu ya kichwa. Mafuta hayo tungali nayo. Tulichoanza kusahau ni namna ya kuyatumia.

Wengi wetu huyapaka juu ya nywele kavu, tukitaraji yatatia unyevu. Mafuta hayana maji. Unyevu huletwa na maji, nayo mafuta huuzuia usitoroke. Basi nywele zioshwe, zifutwe kidogo, na zingali mbichi zipakwe matone machache, tukianzia nchani, ambako ndiko kukongwe na kukavu zaidi, kisha zichanwe kwa kitana chenye meno mapana. Tena zisifungwe chini ya mtandio zikiwa bado mbichi. Jasho na joto huleta harufu na mba, na mafuta mengi juu ya mba huizidisha.

Njia ya pili ni kuzipaka saa chache kabla ya kuoshwa. Hapo nazi imeshinda. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walionyesha kwamba mafuta ya nazi hupunguza protini inayopotea kwenye nywele, na kwamba ya alizeti hayafanyi hivyo. Watafiti hao walikuwa waajiriwa wa kampuni ya mafuta ya nazi, na ni haki msomaji alijue hilo. Hata hivyo sababu waliyoitoa, kwamba mafuta haya hupenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu, twaiona kuwa ya maana. Mafuta ya ufuta nayo ni mazuri kwa kulainisha. Yaliyokwisha kukaangia samaki yabaki jikoni.

Wako wanaouliza kuhusu josho. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi ameeleza kwamba mafuta ya majimaji hayaharibu tohara maadamu maji yanagusa na kupita. Kinachozuia ni kilichoganda kama nta. Mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi, nasi huyaona asubuhi za kusi yakiwa meupe chupani. Yayeyushwe kwanza juani au viganjani, yasibaki mabonge kichwani.

Jambo moja tunawasihi akina mama. Mtoto akitoka mabaka ya duara yasiyo na nywele, yenye magamba, hayo huenda yakawa mapunye, na mafuta hayayaponyi hata yapakwe mwezi mzima. Ukuvu wake umeingia ndani ya unywele, na dawa yake ni ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa maelekezo ya daktari. Apelekwe zahanati mapema, kabla makovu hayajaziba mizizi ya nywele. Na kitana chake, kofia yake na mtandio wake visiazimwe na ndugu zake wala wenzake wa chuoni.