Wakfu na Kisima Chetu



Wengi hudhani kwamba fedha ya msaada hutolewa kama sadaka ya mlangoni: anyooshaye mkono hupewa. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipochaguliwa kuwa karani wa chama cha kisima kijijini kwetu, Uganda ya mashariki. Hapo nilifunzwa vingine, nami naona vema niwaeleze.

Kwanza tujue wakfu ni nini. Watu wa pwani walijua jambo hili tangu kale. Mtu huweka nyumba yake wakfu. Nyumba haiuzwi, bali kodi yake husaidia msikiti, kisima au mayatima. Wakfu wa jamii wa siku hizi wafanana na huo. Michango ya watu wengi huwekwa pamoja. Rasilmali haiguswi, faida yake tu ndiyo igawanywayo. Kwa mfano, shilingi 1,000,000 zikizaa 8 kwa kila 100, zapatikana 80,000 za kugawa, na mwakani zile 1,000,000 zingalipo.

Wakfu wa kwanza wa jamii ulianzishwa mwaka 1914 katika mji wa Cleveland, Marekani, na mkuu wa benki, Frederick Goff. Yeye alijua kuwa wosia waweza kuifunga mali. Katika mji wa St. Louis, Bryan Mullanphy, aliyekufa mwaka 1851, aliacha theluthi ya mali yake iwasaidie wasafiri maskini waliokuwa wakipita kwenda kufanya makao magharibi. Baadaye wasafiri wale wakatoweka, lakini fedha ikabaki. Basi shauri la Goff lilikuwa hili: mali itunzwe na benki, na halmashauri ya watu wa mji iamue matumizi yake kila wakati mahitaji yanapobadilika. Kwa jirani zetu wa Kenya, Kenya Community Development Foundation ilianzishwa mwaka 1997 kwa kazi ya jinsi hiyo.

Na ruzuku hutolewaje? Wakfu hutangaza kazi unazotaka kusaidia. Chama huandika maombi: shida ni nini, itawafaa watu wangapi, gharama ni kiasi gani, na nani atakayeitunza kazi fedha ikiisha. Halmashauri huyasoma, kisha hutuma mtu kutazama kwa macho. Wakikubaliana, mkataba hutiwa sahihi, na fedha hupelekwa benki kwa mafungu. Fungu la pili halitoki mpaka hesabu ya la kwanza ionekane.

Mara ya kwanza sisi tulinyimwa. Mgeni aliomba kuona daftari ya michango, mweka hazina wetu, mzee mwaminifu sana, akagusa paji la uso akasema, “Yote yamo humu.” Wengine walinung’unika kwamba tumedharauliwa. Lakini mzee akifa, daftari ile ingezikwa pamoja naye! Tulinunua daftari, na mwaka wa pili tukapewa shilingi 6,000,000 kwa mafungu mawili.

Fungu la kwanza lilipofika, mwenyekiti wetu alifiwa. Yeye ni baba yangu mdogo, ndiye aliyenilipia karo nikiwa shuleni. Alikuja kwangu usiku, akasema, “Mwanangu, maiti haingoji. Tia sahihi tutoe 400,000. Nitarudisha wakati wa mavuno.” Nilishindwa kumtazama usoni. Nikamjibu, “Baba, fedha hii si yangu wala si yako. Kesho nitapita nyumba kwa nyumba kukutafutia, lakini hii sitaigusa.” Akaondoka bila kuniaga.

Kulipokucha nilipita, na wanachama wakatoa shilingi 310,000 mifukoni mwao. Mazishi yakafanyika. Hata hivyo baba hakusema nami muda wa miezi miwili, na shangazi zangu waliniita mtoto asiye na shukrani.

Kisha mkaguzi akaja. Alihesabu stakabadhi moja moja, akakuta ya saruji, ya shilingi 35,000, imepotea. Kwa ajili ya hiyo tu tulitakiwa kupata nakala dukani kabla ya fungu la pili kutolewa. Je, kama zingepungua 400,000? Leo pampu yafanya kazi. Siku ya mkutano baba aliniambia maneno machache tu: “Karani, wasomee watu hesabu.” Nikaisoma yote kwa sauti.

Ninyi mlio shuleni, mkirudi makwenu mtaombwa kuwa makarani, maana mmesoma. Jifunzeni kuandika maombi vizuri, lakini zaidi jifunzeni kutunza stakabadhi na kukataa kwa adabu. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.